Salamu za sikukuu kutoka dukani: Hagai na msingi ulioota majani

Bwana asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo basi milele amina, na majirani zangu wa Asalaam aleykum nawasalimu pia maana pilau la Krismasi tunakulaga wote, msijifanye hamhusiki. Leo tarehe 18 Desemba, mji ushaanza kupungua watu, wale wa Kilimanjaro mshapanda mabasi yenu na nauli zenu za msimu, sisi wengine bado tupo dukani tunahesabu misumari. Nilitaka niwatumie ile salamu ya kawaida, yenye maua na mshumaa na "nakutakia wewe na familia yako", nikaona hapana, mwaka huu nina neno na nisipolitoa sasa litanikaba mpaka Pasaka.

Mnaonifahamu mnajua nauza vifaa vya ujenzi. Saruji, nondo, bati, rangi, na siku hizi jipsamu ndo inayolisha watoto, maana kila mtu anataka dari lenye ngazi ngazi na taa za bluu. Kazi hii unamjua mtu kwa anachonunua, na ukikaa sana unaanza kumjua mpaka kwa alichoacha kununua. Zunguka mitaa ya pembeni uone maboma yaliyosimama bila paa, nondo zimechomoza juu ya nguzo zimeshika kutu, na misingi imeota majani mpaka mbuzi wanachunga humo. Mimi nikiona msingi ulioota majani najua hapo kuna mtu alisema "ngoja kwanza".

Sasa kwenye Biblia kuna nabii alitumwa kwa sababu ya msingi wa namna hiyohiyo. Anaitwa Hagai. Kitabu chake sura 2 tu, aya 38, unakimaliza chai haijapoa, kimejibana kule mwishoni mwa Agano la Kale kati ya Sefania na Zekaria na wengi tunakiruka tukienda kutafuta Malaki ya fungu la kumi. Na jina lenyewe ni la msimu huu, limetoka kwenye neno la Kiebrania hag, yaani sikukuu. Nilipomwambia kijana wangu wa dukani, yeye Muislamu wa Tanga, akacheka akasema "bosi, si ndo Haji huyo?" Nikabisha kwanza, halafu nikaenda kuuliza kwa wanaojua lugha, kumbe kweli bana, hag ya Kiebrania na haj ya Kiarabu ni mtu na nduguye. Huku pwani mtoto akizaliwa msimu wa hija wanamwita Haji, inawezekana na huyu kwao walifanya vilevile. Kwa hiyo Bwana Sikukuu ndo anayenisaidia kuwasalimu leo.

Habari yenyewe iko hivi. Mwaka 586 KK Nebukadneza wa Babeli aliibomoa Yerusalemu, akalichoma hekalu alilojenga Sulemani, watu wakachukuliwa utumwani. Baadaye Babeli nayo ikaangukia mikononi mwa Waajemi, na mfalme wao Koreshi mwaka 538 KK akatoa ruhusa, Wayahudi wanaotaka kurudi warudi wakajenge nyumba ya Mungu wao. Wakarudi. Wakajenga madhabahu kwanza, kisha mwaka wa pili wakaweka msingi wa hekalu, na siku hiyo kitabu cha Ezra kinasema kulikuwa na tarumbeta na matoazi na watu wanapiga kelele za furaha, lakini wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti, mpaka ukisikiliza kwa mbali huwezi kujua nani analia na nani anashangilia. Nyie mliowahi kwenda kwenye uwekaji wa jiwe la msingi mnaijua hiyo siku, maturubai, mgeni rasmi, kwaya tatu. Halafu majirani wakaleta fitina, kazi ikasimama. Ikasimama miaka kama 16 hivi. Mtoto aliyezaliwa siku ya tarumbeta akaota ndevu, msingi bado ni uleule.

Miaka 16 jamani si fitina tena. Fitina inasimamisha kazi mwaka, miaka miwili, mingine ni sisi wenyewe.

Ndo hapo Hagai anatokea, na kitu ninachompendea ni kwamba anaandika tarehe. Manabii wengi unajua tu enzi za mfalme fulani, huyu anaandika kama risiti: mwaka wa 2 wa mfalme Dario wa Waajemi, mwezi wa 6 wa kalenda yao, siku ya kwanza. Wataalamu wa kalenda za kale wakipiga hesabu wanapata 29 Agosti 520 KK. Siku ya mwezi mwandamo, watu wamekusanyika, yeye anasimama mbele ya Zerubabeli na Yoshua kuhani mkuu. Zerubabeli Biblia yetu inamwita liwali wa Yuda, na hilo neno waliofasiri walilichagua vizuri sana, wazee wa Mombasa na Lamu wanaelewa, liwali ni mtu aliyewekwa na Sultani wa kule, ana heshima ila hana ufalme. Huyu alikuwa ni wa ukoo wa Daudi kabisa, mwenye haki ya kiti, na amekaa hapo kama mtumishi wa Mwajemi.

Na neno lenyewe halikuanza na lawama za sanamu au uzinzi, ndo maana linauma. Mungu anasema, watu hawa wanasema wakati haujafika wa kuijenga nyumba ya Bwana. Basi. Hawakukataa! Hakuna aliyesimama akasema hatujengi. Walisema bado. Bei haijashuka, mvua haijanyesha, mtoto anaingia kidato cha tano, tukimaliza hili tutaingia lile. Hagai akawauliza swali moja, je huu ndo wakati wenu nyinyi wa kukaa kwenye nyumba zilizotiwa mapambo na hii nyumba imekaa gofu? Hayo mapambo kwa lugha yao ni mbao za kufunika kuta au dari ndani, kitu cha wenye nacho, Sulemani alifunika hekalu kwa mierezi namna hiyo. Mimi niliposoma hapo nikainua macho nikaangalia dari la sebuleni kwangu. Jipsamu. Ngazi tatu. Taa za bluu.

Nitarudi kwenye dari langu, ngoja kwanza (mmeona, hata mimi nimesema ngoja kwanza).

Kisha anasema "zitafakarini njia zenu". Hili neno analirudia mara 5 kwenye kakitabu kadogo hivyo. Kiebrania chake ni kama kusema wekeni mioyo yenu juu ya njia zenu, yaani chukua moyo, uweke pale barabarani unakopita kila siku, uangalie unakoelekea. Hasemi mjute. Hasemi mlie. Anasema angalieni hesabu, mmepanda nyingi mmevuna kidogo, mnakula hamshibi, mnavaa hampati joto, na mwenye mshahara anautia kwenye "mfuko uliotoboka-toboka". Nani asiyeujua huo mfuko. Mshahara unaingia asubuhi, saa nne mkopo wa simu ushaukata, saa sita umebaki namba tu kwenye skrini. Baadaye anataja mpaka vipimo, mtu anaenda kwenye chungu ya nafaka akitarajia vipimo 20 anakuta 10, anaenda kwenye shinikizo la divai kuchota 50 anakuta 20. Huyu nabii angeweza kufanya sitoku dukani kwangu.

Na kuna mchezo wa maneno hapo ambao kwa Kiswahili haushikiki. Nyumba imekaa hareb, gofu, basi Mungu ameita horeb, ukame, juu ya nchi na milima na nafaka na divai na mafuta na watu na mifugo. Herufi zilezile tatu. Mmeacha gofu, mmepata ukame, kwa masikio yao ni kama neno moja linatajwa mara mbili.

Hapa naomba niseme kitu na wachungaji wangu wanisamehe. Kila kukiwa na mchango Hagai anatolewa kabatini. Bahasha zinagawiwa, mfuko uliotoboka unahubiriwa, mama anayeuza mihogo anaambiwa umaskini wake ni kwa sababu hajatoa. Mimi nimesoma hicho kitabu mara nyingi sasa na nawaambia hakuna mahali Hagai anaomba hela. Anaomba miti! Anasema pandeni milimani, leteni miti, jengeni. Yaani nguvu, mgongo, muda, shoka. Na alipofika kwenye hela akasema kwa niaba ya Mungu kwamba fedha ni yangu na dhahabu ni yangu, maana yake msihangaike na nakshi, hizo najua mwenyewe pa kuzitoa. Na wa kwanza kuambiwa ni liwali na kuhani mkuu kwa majina yao, siyo muuza mihogo. Nimemaliza hapo.

Walichukua siku 23. Tarehe mosi waliambiwa, tarehe 24 ya mwezi huohuo wako saiti. Mimi na wateja wangu siku 23 hazitoshi hata kukubaliana bei ya kokoto.

Mwezi mmoja haujaisha, tarehe 21 ya mwezi wa 7, Hagai anasimama tena. Hiyo siku ni ya mwisho kati ya zile saba za Sikukuu ya Vibanda, Sukkot, watu wanakaa kwenye vibanda vya matawi kukumbuka jangwani na kushukuru kwa mavuno. Mavuno gani sasa mwaka ule wa ukame. Na kibaya zaidi, Sulemani alilizindua hekalu la kwanza mwezi huohuo wa 7, kwenye sikukuu hiyohiyo. Kwa hiyo ni kama mnakula Krismasi kwenye turubai palepale ambapo babu yenu alikuwa na ghorofa. Hagai hakujifanya haoni, akauliza waziwazi, nani kati yenu amebaki aliyeiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza, na sasa mnaionaje, si kama si kitu machoni penu? Tangu 586 mpaka 520 ni miaka 66, aliyeiona akiwa na akili zake alikuwa ni mzee wa miaka 70 na zaidi. Naona kama wapo wachache wamekaa mbele, fimbo mkononi, na vijana wamechoka kusikia "enzi zetu". Nabii hakuwaambia wazee wanyamaze wala hakuwaambia vijana jengo lao ni zuri, maana halikuwa zuri. Aliwaambia muwe hodari, fanyeni kazi, mimi nipo pamoja nanyi, na utukufu wa mwisho wa nyumba hii utakuwa mkuu kuliko wa kwanza.

Mnajua mimi napenda sana ule uaminifu wa kukiri kwamba jengo ni baya. Sisi huwa tunasifia.

Haya, tarehe ya tatu, ndo iliyonifanya niandike leo na siyo kesho. Tarehe 24 ya mwezi wa 9. Wanaohesabu wanasema inaangukia 18 Desemba 520 KK. Leo hii! Na kwenye kalenda ya Kiyahudi siku inayofuata, tarehe 25 Kislevu (ndo huo mwezi wa 9), ndo inapoanza sikukuu ya Hanukka, ingawa hiyo ilikuja miaka mingi baadaye, 164 KK, walipolitakasa hekalu hilohilo baada ya kunajisiwa. Kwa hiyo huu ni msimu wa nyumba ile muda mrefu kabla haujawa msimu wetu.

Siku hiyo anaanza na swali la ajabu kwa makuhani. Mtu akibeba nyama takatifu kwenye upindo wa vazi, upindo ukagusa mkate au mafuta, je chakula hicho kinakuwa kitakatifu? Makuhani wakasema hapana. Na mtu aliyegusa maiti akigusa chakula, kinanajisika? Wakasema ndiyo. Muuza nyanya yeyote wa Ilala anaelewa, moja iliyooza inaharibu tenga zima, ila nyanya nzuri hata uziweke hamsini haziponyi ile mbovu. Kwa hiyo walikuwa wanatoa sadaka juu ya madhabahu pembeni ya gofu wakidhani madhabahu itaisafisha miaka 16 ya uzembe. Haikusafisha.

Halafu anawauliza, mbegu je, zimo bado ghalani? Mzabibu, mtini, mkomamanga, mzeituni, bado havijazaa. Kwao ni msimu wa mvua za kwanza, mbegu ishaingia ardhini, ghalani hamna kitu na shambani hamjaonekana kitu. Miezi mitatu wamejenga, mgongo unauma, jengo ni baya, chakula hakuna. Na hapohapo ndo anasema tangu siku hii ya leo nitawabariki. Si baada ya mavuno, wala si siku ya kuzindua. Siku ya katikati, ya hovyo, ambayo hakuna mtu angepiga picha.

Siku hiyohiyo kuna neno moja lingine, la Zerubabeli peke yake, kwamba Mungu atamfanya kama pete ya muhuri. Hii bila kumjua babu yake hauielewi. Babu yake ni Yekonia, yule mfalme aliyechukuliwa Babeli, na Yeremia alimwambia kwamba hata ungekuwa pete ya muhuri kwenye mkono wangu wa kuume ningekuvua. Babu alivuliwa, mjukuu anavishwa. Na ukifungua Mathayo sura ya kwanza, ile orodha ya majina ambayo kila Desemba msomaji wa zamu anajing'ata ulimi, Zerubabeli yumo, kwenye ukoo wa Yusufu mume wa Mariamu. Siku hizi akitajwa huwa nasema moyoni, liwali huyo.

Ujenzi wenyewe haukwenda kilaini. Tatenai, mkubwa wa jimbo la ng'ambo ya Mto, alikuja saiti na watu wake kuuliza nani amewapa kibali na akaandika majina ya wakubwa wa kazi. Nyie mnaojua alama ya X nyekundu kwenye ukuta mnaelewa hofu yake. Barua ikaenda kwa Dario, ikatafutwa nyaraka ya Koreshi ikakutwa Ekbatana, na jibu likarudi kwamba aachwe mtu ajenge, tena gharama zitoke kwenye kodi ya mfalme. Lakini wakati barua iko njiani hawakusimama. Mwezi wa Adari mwaka wa 6 wa Dario, 515 KK, wakamaliza. Sanduku la agano halikuwemo ndani. Na ndo nyumba ambayo baadaye Herode aliifumua akaipanua, na humo Yusufu na Mariamu wakamleta mtoto wa siku 40 na sadaka ya ndege wawili, ile ya wasio na uwezo wa mwanakondoo, wakakutana na mzee Simeoni na bibi Ana wa miaka 84. Yaani walioingia na ule utukufu ambao Hagai alikuwa anausema hawakuwa hata na hela ya kondoo. Mwaka 70 BK Warumi wakaibomoa na hiyo, kilichobaki hadi leo ni kuta za kuushikilia uwanja wake, ule wa magharibi ndo watu wanasimama wanasali.

Sasa dari langu.

Kule kwetu Singida kuna kigango. Watu wanasali chini ya mwembe, mvua ikija wanahamia darasani. Miaka 9 iliyopita tuliweka msingi, nilikwenda na gari, nikakaa mstari wa mbele na suti, na ilipofika zamu ya wana wa kijiji walioko Dar nikasimama nikaahidi mifuko 40 ya saruji. Watu walipiga vigelegele, mama yangu alicheza. Mifuko 40, na mimi nauza saruji! Sikukataa kuipeleka hata siku moja, nawaapia. Nilisema bei ipoe, nikasema nipate lori linalorudi tupu, nikasema mvua zipite maana saruji ikilowa inakuwa jiwe. Katikati hapo nimeweka jipsamu, nimeweka marumaru, nimebadili geti mara mbili. Katekista wetu hajawahi kunikumbusha. Kila Krismasi nikienda ananishika mkono kwa mikono miwili, "karibu nyumbani mwanangu", tunakaa chini ya mwembe na ule msingi uko palepale, mwaka juzi akina mama walikuwa wameanika mahindi juu yake.

Asubuhi hii kabla sijafungua duka nimechukua kitabu cha risiti nikaandika kama Hagai. Tarehe 18, mwezi wa 12. Saruji mifuko 40. Mnunuzi, mimi. Kijana wangu akaniuliza "bosi, unalipa au ni mkopo?" nikamwambia andika imelipwa, akaniangalia, akapiga muhuri.

Lori limepatikana, linaondoka keshokutwa usiku, linapita Dodoma, lina nafasi ya kama tani moja hivi juu ya mzigo wangu. Mwenye kitu cha kupeleka njia hiyo, hata kama ni kreti za soda za bibi, aje dukani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sihitaji nauli ya mzigo, ila mje na mtu wa kusaidia kupakia, maana vijana wangu wawili washaenda kwao na mimi mgongo wangu mnaujua.

Heri ya Krismasi na mwaka mpya wenu wote, watoto wasalimieni, na atakayefika kwao salama anijulishe.